Mikro-RNA, Gegedu na Jina la Maradhi: Uhakiki wa Mkabala wa Utafiti kwa Mwambao wa Kaskazini mwa Cabo Delgado

Tafiti za mikro-RNA katika osteoathritisi, yaani uchakavu wa viungo, zina msingi thabiti. Molekuli hizi zenye takribani nukleotidi 22 hujishikiza kwenye RNA mjumbe na kuzuia utengenezaji wa protini. Mfano bora ni miR-140: mwaka 2010 ilidhihirishwa kuwa panya wasio nayo hupata mapema mabadiliko ya gegedu yafananayo na ugonjwa huu, na kwamba mojawapo ya jeni lengwa zake ni Adamts5, ambayo kimeng'enya chake humeng'enya agrikani ya gegedu.

Udhaifu huanzia hatua inayofuata. Orodha nyingi za jeni lengwa ni utabiri wa kompyuta usiothibitishwa ndani ya seli. Tena, gegedu linalochunguzwa mara nyingi hutoka kwa waliobadilishiwa goti. Hapo ugonjwa umekwisha kukomaa, na kinachopimwa chaweza kuwa athari, si chanzo. Njia hiyo haimwoni mwanamke wa Palma ainamaye ufukweni bahari ikupwapo, akiokota chaza, wala aliyeikimbia Mocímboa da Praia kwa miguu.

Kipimo cha damu kinapendekezwa kuwa mbadala. Hapa ndipo hoja inapolegea zaidi. miR-146a, inayotajwa sana, huamshwa na uvimbe wa aina nyingi na kudhibiti jeni za TRAF6 na IRAK1. Haiulizi uvimbe umetoka wapi. Na mwambao huu unapakana na uwanda wa Wamakonde, ambao lugha yao ndiyo iliyoupa ulimwengu neno chikungunya, kufuatia mlipuko wa 1952 ng'ambo ya Ruvuma. Virusi hivyo huweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi, hata miaka. (Ajabu ni kwamba neno hilo la kienyeji lina usahihi kuliko Kiswahili sanifu.) Dodoso likiuliza juu ya “baridi yabisi” litawakusanya kapuni mamoja mwenye goti lililochakaa, mwenye kinga inayoshambulia viungo vyake, na aliyepona homa ya virusi. Mikro-RNA zitakazopimwa kwao zitakuwa za kundi lisilokuwepo.

Kwa hiyo, kabla ya bajeti ya maabara, panahitajika dodoso la Kimwani, Kimakwe na Kimakonde linalotenganisha maumivu ya kazi na maumivu yaliyotanguliwa na homa, kipimo cha kingamwili za chikungunya, na picha ya eksirei ya goti.