Kadi ya kijani na hesabu yake

Tarehe 18 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani ya Magharibi. Zaire, Kongo ya leo, inacheza Kombe la Dunia na Yugoslavia na magoli yanaingia mfululizo. Mwisho wa mchezo yatafika tisa bila jibu. Mchezo ukiwa bado mchanga, wachezaji wa Zaire, Leopards, wanamzingira refa, Omar Delgado wa Kolombia. Ndani ya kundi lile Mwepu Ilunga anamtandika refa teke kwa nyuma. Refa anageuka, anamtoa nje Ndaye Mulamba, mshambuliaji aliyefunga magoli 9 katika Kombe la Afrika miezi mitatu kabla. Ilunga mwenyewe alikuja kusema waziwazi kwamba mguu ulikuwa wake.

Wakongo wengi husimulia kisa hicho wakicheka, pamoja na kile cha siku nne baadaye, Ilunga huyohuyo alipochomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira wa adhabu wa Brazil kabla haujapigwa. Mimi nakileta kwa sababu nyingine. Kosa la kwanza siku ile lilitangulia teke: wachezaji wengi walimwendea refa kwa pamoja. Teke likapata pa kujificha, na adhabu ikamwangukia asiyehusika. Kila anayepitapita kwenye viwanja vya vijana katika uwanda wa Ruzizi, mashariki mwa Kongo, ameona kundi kama hilo, tena mara nyingi lina kocha ndani yake na wazazi wawili watatu nyuma.

Hotuba za kufungua mashindano ya vijana hufanana kila mahali: chezeni kwa upendo, heshimuni refa, mpira ni udugu. Halafu filimbi inalia, na kwenye jedwali la pointi hakuna hata mstari mmoja unaohesabu upendo huo. Mtoto wa miaka kumi na tatu si mjinga. Anasoma jedwali, anaona kinacholipwa ni ushindi tu, anacheza kwa hesabu hiyo. Ndiyo maana naona kazi ya Mathare, Nairobi, inastahili kuchambuliwa kwa makini na watu wa Luvungi, hapa kwetu uwandani. Pale nidhamu iliondolewa kwenye hotuba ikaingizwa kwenye hesabu.

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 katika mojawapo ya mitaa maskini kabisa ya Nairobi. Mwanzilishi wake, Bob Munro, alikuwa Mkanada aliyefanya kazi ya ushauri wa mazingira. Alikuta watoto wakicheza mpira wa makaratasi na nailoni kando ya takataka, akafanya nao mapatano: nyinyi fanyeni kitu, na chama kitafanya kitu. Kitu chenyewe kilikuwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa. Timu inayoshinda mechi hupata pointi 3, lakini timu inayokamilisha usafi wake hupata pointi 6.

Piga hesabu. Usafi mmoja ni sawa na ushindi wa mechi mbili. Timu ya vipaji isiyoshika jembe inaweza kupitwa na timu ya kawaida inayojitokeza kila zamu. Kocha anayetaka kombe analazimika kuwahimiza watoto wake waje kwenye mtaro, hata kama moyoni mtaro haumhusu kabisa. Tamaa ileile iliyokuwa ikimfanya agombane na refa sasa inamfanya atafute koleo.

Uwanjani kulikuwa na sheria zake. Ya kwanza ni ile ambayo ingemwokoa Ndaye: kapiteni peke yake ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na refa. Ulaya waliifikia baadaye sana. UEFA iliitumia kwenye mashindano ya mataifa ya mwaka 2024 nchini Ujerumani, na magazeti yakaiandika kama uvumbuzi. Uzuri wake ni kwamba haihitaji refa awe hodari wa kusoma nyoyo. Mtu wa pili akisogea, kosa limeshaonekana, hata kama amekuja kusema maneno matamu.

Ya pili inahusu kadi nyekundu. Kwa kawaida aliyetolewa hukaa nje mechi moja au mbili, anaota jua, anarudi vilevile. Mathare waliongeza sharti: kabla ya kurudi, lazima achezeshe mechi kadhaa za watoto wadogo, yeye akiwa ndiye refa. Nimeisoma adhabu hii kwa wivu, kwa sababu ina faida mbili kwa mpigo. Ligi yenye timu nyingi inapata marefa bila kulipa, na kijana aliyekuwa anatukana refa anasimama katikati ya watoto ishirini na wawili wanaopiga kelele wote pamoja, kila mmoja akidai mpira wa kurusha ni wake. Waingereza walikwenda njia nyingine: kwenye ligi zao za mitaani walijaribu kumtoa mchezaji dakika 10 kwa kubishana na refa, na katika ligi 31 za majaribio ubishi ulipungua kwa asilimia 38. Ni dawa nzuri, lakini ya Mathare inamwachia mkosaji kazi ya kufanya.

Ya tatu ni kadi ya kijani. Mechi ikiisha, refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote. Ina thamani kwa sababu huingia kwenye pointi za tuzo za uongozi za chama, na tuzo hizo hulipa karo, fedha zikipelekwa shuleni moja kwa moja. Mtoto anayemwinua mpinzani aliyeanguka anajiwekea akiba ya karo.

Wapo watakaosema huo si uungwana tena, ni biashara. Labda. Lakini tazama kinachotokea pale uungwana unapohesabiwa kwa njia mbovu. Kombe la Dunia 2018, Japani na Senegali zilimaliza kundi lao sawa kwa kila kitu: pointi 4, magoli manne ya kufunga, manne ya kufungwa, na zenyewe kwa zenyewe zilitoka sare. Ikabidi zitenganishwe kwa kadi. Japani ilikuwa na kadi za njano 4, Senegali 6, na Senegali ikarudi nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza timu kutolewa namna hiyo kwenye Kombe la Dunia. Lakini kumbuka jinsi Japani ilivyomaliza mechi yake ya mwisho. Ikiwa imefungwa 1-0 na Poland, ilipigiana pasi za nyuma dakika kumi za mwisho bila kutaka kushambulia, huku watazamaji wakizomea. Kanuni ya uungwana ikailipa timu iliyokuwa imegoma kucheza. Kuhesabu kadi kunapima tu kosa lililoonwa na refa, na asiyecheza hakosei. Kadi ya kijani inatafuta tendo jema lenyewe, na haimfikii aliyesimama tu.

Sasa turudi kwetu, kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Kamanyola na Uvira. Sheria ya kapiteni na ile ya mkosaji kuwa refa hazigharimu hata faranga moja. Mashindano ya likizo kubwa ya Julai na Agosti yanaweza kuzianza mwaka huuhuu. Karo ni jambo jingine, na sitaki kudanganya: Mathare ilipata wafadhili wa nje. Luvungi inaweza kulipa kwa daftari, viatu, au jina la mtoto kusomwa kanisani na shuleni. Hata hilo lina uzito wake kijijini.

Pointi za kazi ndizo zinazotaka uangalifu. Sisi tuna salongo, kazi ya pamoja ya umma, tangu enzi za Mobutu, na wazee wengi wanaikumbuka kama amri ya chifu na askari, si kama kazi ya hiari. Ukimwambia mtoto wa Luvungi kwamba pointi sita zinapatikana kwenye salongo, baba yake atauliza nani anakula faida. Mathare iliepuka mtego huo kwa sababu vijana walichagua viongozi wao, na viongozi hao ndio waliosimamia ligi na usafi. Basi timu zenyewe zichague kazi: mfereji wa maji unaopita kando ya uwanja, majani ya uwanja wenyewe, njia ya kisimani. Iwe fupi na ilingane na umri wa watoto. Isiwe shamba la mtu.

Kadi ya kijani nayo ingeleta matatizo kama ilivyo. Uwanda wetu una Wafuliiru, Wavira, Warundi, Wabembe na Wanyamulenge. Kumbukumbu ya mauaji ya Mutarule, Juni 2014, bado mbichi, na Desemba 2025 mapigano yalipita Luvungi na Sange hadi Uvira. Refa akimpa kadi mtoto wa ukoo wake mara mbili, ya tatu hakuna atakayeiamini. Hapo ningeazima kutoka kwingine. Mwaka 1994 beki Andrés Escobar aliuawa Medellín, Kolombia, siku kumi baada ya kujifunga kwenye Kombe la Dunia, na mjini humo ukazaliwa mpira wa mitaani wenye sheria mpya: timu huzungumza kabla na baada ya mchezo, nazo hupeana pointi za uungwana. Wavulana na wasichana walicheza pamoja, na goli la kwanza lilipaswa kufungwa na msichana. Kwetu, kadi ya kijani itolewe na timu pinzani. Kapiteni wa Luvungi ataje mchezaji wa Sange, na wa Sange ataje wa Luvungi, mbele ya wote. Ni vigumu kumpendelea ndugu yako ikiwa sheria inakulazimisha kumtaja mgeni.

Waandaaji wa mashindano, walimu na bwana michezo wa shule: msingoje barua kutoka ligi ya mkoa wala shirikisho la taifa, FECOFA. Andikeni sheria hizi kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, muibandike ukutani kabla ya kupanga makundi, na kapiteni wa kila timu aitie sahihi mbele ya wachezaji wake. Kocha asiyekubali, timu yake isipangiwe mechi.