Ripoti ya Warioba Ikisomwa Mpakani

Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996, ilitofautisha rushwa ya watumishi wadogo wenye mishahara duni na ile ya wakubwa wenye tamaa. Ulikuwa uchambuzi wa kijasiri, na kuhusu wakubwa hatuna la kuongeza. Lakini tukiusoma hapa Isongole, mpakani na Malawi, tunaona pengo. Mama anayevusha debe la mahindi hajali kama anayemdai “chai” ana njaa au ana tamaa. Mtaji wake umepungua vilevile. Yohana Mbatizaji, katika Luka 3, hakuwauliza askari wanalipwa kiasi gani. Aliwaagiza wasimwonee mtu, watosheke na mishahara yao. Neno gumu, hasa kwa mwenye watoto shuleni. Nao walikuwa askari tu, si majemadari.