Udereva wa Gari la Shamba

Kisiwani Unguja, udereva wa magari ya shamba, yale yanayotoka Mjini kwenda vijijini, ni ufundi unaostahili heshima ile ile apewayo nahodha. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi, na safari ya kwenda upande wa pili haimalizi siku. Uhodari wa dereva basi haupimwi kwa masafa wala kwa kasi. Hupimwa kwa anavyoijua njia na watu wake.

Gari la jadi ni lori dogo lililoundiwa bodi ya mbao: paa la chini, mabenchi ya ubavuni, madirisha yasiyo na vioo. Mzigo hupanda juu, magunia, mikungu ya ndizi, baiskeli, hata vitanda. Likishapakiwa hivyo, gari huwa zito kichwani na huyumba. Dereva mzuri hupunguza mwendo kabla ya kuifikia kona, na breki huigusa taratibu, maana nyuma yake wamekaa wazee na watoto waliopakatwa.

Njia ya 309, iendayo Jambiani, huudhihirisha ufundi huu vizuri. Ikishapita Mwanakwerekwe na Tunguu, barabara huingia Bungi katikati ya safu mbili za miembe mikubwa, ambayo wenyeji husema ilipandwa na Bi Khole, binti wa Sayyid Said. Kivuli chake ni kizito, na jicho lililotoka juani huchelewa kumwona mwendesha baiskeli. Mbele ni msitu wa Jozani, makazi ya kima punju, mnyama asiyepatikana kiasili popote duniani nje ya Zanzibar. Kima hao huvuka barabara kwa makundi, na matuta yaliwekwa hapo ili magari yapunguze mwendo. Dereva mzoefu hatosheki na tuta: akimwona mmoja amevuka, husubiri wenziwe.

Baada ya Jozani mashamba hupungua, na uwanda wa mawe na vichaka huanza, hadi Paje inapotokeza bahari. Hapo kazi hugeuka. Vituo vingi havina kibao. Kituo ni mbuyu, duka au mlango wa mtu. Utingo hugonga bodi, gari likasimama, bibi akashushwa na gunia lake mbele ya nyumba yake. Kumbukumbu hiyo ya nani hushuka wapi, na nani hawezi kutembea mbali, haimo katika mtihani wowote wa leseni, nayo ndiyo sehemu bora ya kazi hii.

Ufundi huu hupatikana polepole. Wengi huanza kwa uutingo, wakijifunza kupanga mzigo, kufunga kamba na kupokea nauli, kabla ya kukabidhiwa usukani. Magari mengi hulala kijijini na kuondoka alfajiri kuwahisha samaki na wanafunzi Mjini, kwa hiyo dereva mara nyingi ni jirani wa abiria wake.