Mwalimu wa Paimol: Uhakiki wa Simulizi ya Shahidi

Simulizi za maisha ya mashahidi zina hatari moja kubwa: msimulizi hukimbilia kifo. Shahidi huchorwa mtakatifu tangu kuzaliwa, wauaji huchorwa mashetani, na wote huishia kuwa wahusika bapa. Tunapenda kuipima hoja hii kwa kisa cha Daudi Okelo, mwalimu wa dini wa Kiacholi, kaskazini ya Uganda.

Okelo hakuwa padri wala bruda. Alibatizwa mwaka 1916, kisha akajitolea kwenda Paimol, mbali na kwao, kushika nafasi ya mwalimu aliyefariki. Alifuatana na mwenzake mdogo, Jildo Irwa. Waliuawa kwa mikuki mwezi Oktoba 1918, Okelo akiwa na umri wa miaka kati ya 16 na 18, Irwa kati ya 12 na 14. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002.

Simulizi nyingi fupi hukomea hapo, na hapo ndipo zinapopungukiwa. Huiacha kazi yenyewe: ngoma ya alfajiri ya kuwaita wanafunzi kwenye sala, na safari za kuwafuata watoto mashambani na machungani. Huiacha siasa: uamuzi wa mkuu wa wilaya wa Kiingereza juu ya utawala wa Paimol ulikuwa umezua uhasama, na waliotaka dini mpya iondoke wakapata mwanya. Tena humwacha mzee wa kijiji aliyewazuia wauaji akisema vijana hao ni wageni wake. Okelo alitoka akamsihi mzee asijiingize. Wakamtaka aache kufundisha, akakataa.

Kwa maoni yetu, kilele cha kisa ni maneno yale kwa mzee, wala si mkuki. Hapo shahidi anakataa damu ya mwingine imwagike kwa ajili yake, na mwenyeji, ambaye hatusikii kwamba alikuwa Mkristo, anasimama upande wa haki.

Jambo hili lina uzito kwetu hapa Malawi. Katika makazi ya Dzaleka, wilayani Dowa, yaliyokuwa gereza kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, wamo watoto wa Kongo, Burundi na Rwanda ambao wazee wao walishambuliwa na majirani, na wengine wakafichwa na majirani. Watoto hao, kama wale tuonao Old Town, Lilongwe, hawawezi kuamini kisa kisicho na mwenyeji wala jirani.

Basi tunapendekeza mwalimu asiwaulize wanafunzi tu shahidi alikufaje. Awaombe wakisimulie kisa upya kwa mdomo wa mzee yule, tangu ngoma ya kwanza ya Okelo hadi asubuhi ile ilipokosa kulia.