Mizani Kumi na Saba Chini ya Mwembe

Wako wasemao ya kuwa haiku, lile shairi fupi la Wajapani, ni kitu kigeni kisichotufaa sisi tuliolelewa na vina na mizani. Neno hilo lastahili kupimwa kabla ya kukubaliwa, maana kijana wa Isevya atakaye kutunga hukutana na mashairi ya namna hiyo, naye hutuuliza kama ayafuate au ayaache.

Tuanze na hesabu. Haiku ya desturi ina mizani 17: tano, saba, tano. Shairi letu lina mizani 16 katika mstari mmoja, nane kila upande, na mistari minne katika ubeti. Basi haiku nzima yaushinda mstari wetu mmoja kwa mizani moja tu! Tena Wajapani huihesabu sauti ya "n" isimamayo peke yake kuwa mizani kamili, kama sisi tuihesabuvyo "m" ya neno "mtu". Kwa hiyo sikio la Mswahili limekwisha kuandaliwa. Yaliyo mageni ni mawili: kukosa vina, na kukoma upesi.

Habari ya vina ni ugomvi wa zamani. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alizieleza sheria za kutunga katika kitabu chake cha mwaka 1954. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mabishano yalikuwa makali. Haturudii maneno yao. Twasema tu ya kuwa kitendawili nacho ni kifupi, na mara nyingi hakina vina, wala hakuna mzee aliyekidharau. Walakini kitendawili kina jibu, na haiku haina. Humwacha msomaji njiani ajiendee mwenyewe.

Na habari ya njia twaijua. Mji wa Tabora ulikuzwa na nyayo za wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, hata reli ilipofika mwaka 1912. Kadhalika Matsuo Basho alishika safari ndefu ya kaskazini kwa miguu mwaka 1689, akachanganya habari za njiani na mashairi mafupi. Na Taneda Santoka, aliyefariki mwaka 1940, alitembea akiomba riziki, akaiacha hata hesabu ya mizani. Shairi fupi ni mzigo umfaao mtu aendaye kwa miguu.

Sasa tupime kwa mfano. Mtu aweza kutunga hivi:

Chini ya mwembe
nauli haitoshi,
dunia ngumu.

Mizani ni 17 kamili, lakini shairi halimo. Mtungaji ametuambia tufikiri nini, kisha amefunga mlango. Na tutunge tena:

Chini ya mwembe
mzee ahesabu
nauli yake.

Hesabu ni ile ile. Mambo ni mengine. Aenda wapi? Fedha yatosha? Ni mara ya ngapi aihesabu? Hatukuambiwa, nasi twabaki tumesimama karibu naye. Neno "ngumu" halikutajwa, nao ugumu twauona.

Hapo ndipo ilipo faida ya haiku kwetu, wala si katika kuhesabu vidole. Sisi walimu twapenda mno kumalizia kwa mafundisho, na wanafunzi wetu hutuiga. Mashairi mengi mema huharibiwa na ubeti wa mwisho uelezao yaliyokwisha kueleweka. Haiku haina nafasi ya ubeti huo.

Basi asiyaache mashairi ya wazee wetu. Hayo ni nyumba. Wala asiandike habari za theluji na maua ya Japani asiyoyaona. Aandike vumbi la kiangazi, asali, na filimbi ya gari la moshi. Aitumie haiku kama jiwe la kunolea kisu, kisha arudi kwenye tarbia yake akiwa na neno moja pungufu na macho mawili zaidi.