Mafuta, Poda na Fleshi

Bibi wa kwetu Bungu na kamera hawajawahi kupatana kuhusu mafuta. Kwa bibi, mwali anayetolewa nje akiwa hang'ai ni aibu ya nyumba nzima. Binti amewekwa ndani, amelishwa, amesuguliwa, amefundwa. Siku anapotoka, ngozi yake ndiyo shahidi kwamba waliomweka walijua kazi. Basi hupakwa mafuta ya nazi mpaka mabega yanashika jua, na kiwiko kikionekana kimepauka, hata kidogo tu, shangazi mtu atatafutwa aulizwe. Kamera nayo haitaki habari hiyo. Fleshi ikipiga paji la uso lililojaa mafuta hurudi na doa jeupe, na pale penye doa hapana tena ngozi ya kurekebishwa, hata mpiga picha awe fundi wa kompyuta wa namna gani. Katikati ya hao wawili ndipo ninapopatia riziki yangu.

Sina saluni. Nina begi la magurudumu, kiti kirefu cha kukunja, kioo, na simu inayoita saa za ajabu. Wapiga picha wa Kibiti na Ikwiriri wananiita, wakati mwingine wa Mbagala. Nami napanda gari lolote linalopita barabara ya Kilwa lenye nafasi ya begi. Kazi huja kwa majira. Korosho zikilipwa, harusi zinafuatana. Shaabani ikikaribia kwisha kila mtu anataka kuoa kabla ya mfungo, na Ramadhani yenyewe huwa kavu kabisa mpaka sikukuu. Kati ya hapo kuna mahafali, kuna msanii mchanga anayetaka video mbele ya mikoko ya Nyamisati, kuna duka la vitenge linalotaka picha za wasichana watatu wa rangi tatu. Hiyo ya mwisho ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na nitaeleza kwa nini.

Watu hudhani kupamba ni kupaka. Kupaka ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe huanza kwa kutazama mwanga unatoka wapi, na hapa kwetu jambo hilo lina mitego yake. Mpiga picha mgeni akifika Bungu anavutiwa na kivuli cha mwembe: kipana, kina ubaridi, kinafaa. Akimsimamisha bibi harusi hapo saa sita mchana, majani yanachuja jua na kumwagia ukijani usoni. Jicho la mtu halisumbuki nao, kwa sababu limeshazoea. Lenzi inauona wote, na bibi harusi anatoka kwenye picha kama mtu aliyekuwa na homa. Mimi hupamba mlangoni, mtu ameelekea nje, au ukingoni mwa baraza ambapo mbingu inaonekana. Chini natandika shuka jeupe. Mchanga wetu na shuka hilo hurudisha mwanga kutoka chini, hujaza kivuli cha machoni, na kazi ya nusu ya poda inakuwa imeshafanyika bila poda. Shela nyekundu nayo naichunga. Inatia wekundu shavuni. Wapiga picha wazuri wanajua haya yote. Wa wastani huyajua baada ya kumlaumu mpambaji.

Halafu jasho. Joto la ukanda huu wa chini, karibu na delta, ni la unyevu. Jasho linatoka na halikauki. Anayeanza kazi hukimbilia kufuta, akifuta anaburuta rangi yote mpaka kidevuni. Jasho halifutwi, linabonyezwa: karatasi laini inawekwa, inashikwa kidogo, inaondolewa. Na mtu aliyefika sasa hivi kwa bodaboda hapakwi kitu. Anakaa, anapepewa, anakunywa maji, tunapiga soga, mpaka mwili utulie. Muda huo ndio ninaoutumia kumsoma: wekundu au umanjano uliolala chini ya weusi wake, weusi wa ziada kuzunguka macho na pembe za mdomo, kovu la chunusi, upande wa uso anaoupenda mwenyewe bila kujua. Chini ya macho ya mtu mweusi, ukipaka rangi nyeupe juu ya weusi unapata majivu. Kwanza unaweka utando mwembamba wa rangi ya chungwa lililoiva, unaugongagonga kwa ncha ya kidole cha pete kwa kuwa ndicho chenye nguvu kidogo, kisha ndipo rangi ya ngozi inapita juu. Ukiitazama rangi ile pale chini ya jicho utafikiri nimemharibu mtoto wa watu. Subiri kidogo.

Majivu haya yana historia ndefu, na si ya hapa tu. Tangu miaka ya 1950, maabara za kusafishia filamu za Kodak zilikuwa zikipokea kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley, na rangi za picha za watu wote zilisawazishwa kwa kufuata ngozi yake. Ngozi nyeusi ilizama; yakabaki macho na meno. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyefuatilia mambo hayo, aliambiwa kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka kampuni ikahangaika kuboresha filamu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka kahawia ya bidhaa zao ionekane vizuri. Yaani meza ya mninga ilipata haki yake kabla ya mama aliyeketi mezani. Kamera za sasa ni za kidijitali na zinaona vizuri zaidi, ingawa simu nyingi zinazouzwa mitaani bado hulainisha na kung'arisha sura ya mtu bila kuombwa. Mimi kabla ya kuanza huomba mwenye simu aizime hiyo tabia. Wengine hukataa. Basi.

Na upande wa vipodozi hali haikuwa bora. Mwanamitindo Iman, mzaliwa wa Mogadishu wa mwaka 1955, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakati mpiga picha Peter Beard alipomwona mjini humo mwaka 1975. Alipofika New York na kuketi kwa ajili ya kazi yake ya kwanza ya jarida la Vogue, mpambaji alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake. Amelisimulia jambo hilo mara nyingi: wenzake weupe hawakuulizwa, na kile alichopakwa kikamtoa wa kijivu. Baada ya hapo akawa anajichanganyia rangi zake mwenyewe na kwenda nazo kazini, na mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi. Mwaka 2017 mwimbaji Rihanna alipozindua faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, dunia ilishangaa. Wapambaji wa huku tulishangaa kwa nini wengine wanashangaa. Dar es Salaam, Shekha Nasser wa Shear Illusions alikuwa ameshaleta vipodozi vyake vya LuvTouch Manjano akiwalenga wanawake wa huku, na Nairobi Suzie Wokabi alikuwa na Suzie Beauty. Kabla ya hapo palikuwa na yaleyale: mtu mwenye vitako vya chupa mbili, anachanganya nyuma ya kiganja.

Ndiyo maana naipenda kazi ya wasichana watatu wa rangi tatu. Mmoja mweusi wa kung'aa, mtu wa visiwani huko Mbwera, mwenye bluu kidogo kwenye taya. Mmoja maji ya kunde. Wa tatu mweupe kwa asili, mwenye madoadoa puani. Kitenge kimoja, mwanga mmoja, picha moja. Ukimpamba kila mmoja peke yake akatoka vizuri, wakisimama pamoja mmoja atammeza mwenzake. Inabidi niwapambe kwa kuzunguka, huyu kidogo, yule kidogo, nirudi kwa wa kwanza, nisogee hatua nane nyuma na kukunja macho mpaka sura zibaki mabonge ya mwanga na kivuli. Mweusi wa Mbwera ndiye ninayempunguzia poda kuliko wote. Mng'ao wake nauacha juu ya mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua na katikati ya mdomo wa chini. Paji la uso, pembeni mwa pua na kidevu, hapo napoza. Mabegani na kwenye mifupa ya shingo napaka mafuta ya nazi kama bibi alivyotaka, tena mazito. Mwanga ukiteleza pale, picha inapata umbo. Ukimpaka poda mwili mzima anakuwa bapa na amepauka, na hapo bibi ana haki kamili ya kupiga kelele.

Kwa kweli makungwi walijua mengi ambayo vyuo vya Kariakoo vinayauza kwa ada. Walijua mtu husuguliwa kwanza, hupakwa baadaye. Walijua sehemu za mwili zinazoonekana mtu akicheza ni zipi. Walijua kumkalisha binti atulie kabla ya kumwonyesha kwa watu. Kitu kimoja tu hawakuwa na sababu ya kukijua, kwamba litakuja jicho lisilopepesa, lenye radi yake lenyewe. Mama mmoja mtu mzima wa Jaribu, niliyemwonyesha picha mbili za mjukuu wake kwenye kioo cha kamera, moja kabla ya kupoza paji la uso na moja baada ya hapo, alizitazama sana, akasema, "Haya mwanangu, hapo usoni nakuachia. Miguu usiguse." Sikugusa. Miundi ya yule binti ilitoka kwenye picha inang'aa vizuri mno.

Lipo jambo zito kidogo, la mkorogo. Mpambaji ndiye mtu wa kwanza kuuona kwa karibu: uso mweupe wa manjano, masikio meusi, vifundo vya vidole vyeusi zaidi, na vishipa vinavyoonekana shavuni kwa sababu ngozi imekuwa nyembamba. Vita ya kuupinga nayo ni ya zamani. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 krimu za kuchubua ziliwekwa kapu moja na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kumtia mwenye wigi na mwenye ngozi inayoungua kapu moja, naona walikosea. Leo zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na shirika la viwango, TBS, ndilo linalosimamia tangu mwaka 2019, ila makopo yanaendelea kupita. Mwenye mkorogo akikaa kwenye kiti changu sisemi neno. Nimeitwa kupamba. Nachukua rangi ya kifua chake, pale ambapo krimu haikufika sana, nautafutia uso njia ya kurudi huko, na mikono naipaka pia, kidole kwa kidole, kwa sababu picha ya pete ndiyo inayofichua kila kitu. Baadhi yao wakijiona kwenye kioo wananyamaza kidogo. Mmoja aliuliza, "Hii rangi inaitwaje?" Nikamwambia ni ya kwake.

Usafi nisiusahau, maana wengi wanausahau. Mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalipoenea nchini, palikuwa na wapambaji waliokuwa wakipitisha wanja uleule kutoka jicho hadi jicho la ukoo mzima. Wanja unachongwa upya kwa kila mtu. Rangi ya mdomo inakwanguliwa kwenye sahani, haipakwi kutoka kwenye kijiti. Brashi zinaoshwa kwa sabuni na kulazwa zikauke; zikisimamishwa, maji yanashuka kwenye gundi na manyoya yananyonyoka. Na piko ile ya rangi ya nywele simpaki mtu mkononi, hata bibi harusi alie. Anayetaka nyeusi atapata hina iliyolala usiku kucha.

Malipo. Mpambaji wa kujitegemea huchukua kianzio kabla ya kuondoka nyumbani, nauli mbali. Nililijua hilo tangu mwanzo na bado niliwahi kufanya kazi ya kutwa, katikati ya jua, kwa watu wa matangazo waliosema watalipa jioni, na jioni wakasema nitapata jina. Picha zilitoka, zimebandikwa ukutani mjini, jina halimo. Jina la mpiga picha limo, la mshonaji limo. Hilo ndilo fungu la ufundi huu: kazi ikiwa nzuri, watu husema binti ni mzuri, na ni kweli, binti ni mzuri. Naweza kuvumilia kukosa jina. Hela ni mambo mengine.

Kuna mabinti wawili watatu hapa Bungu wanaoniuliza waanzie wapi, na wote wanataka kuanza na kope bandia. Huwaambia waziache kwanza. Wakienda Kariakoo wanunue faundesheni tatu tu, nyeusi kabisa, ya kahawia yenye wekundu, na ya manjano, kutoka duka ambalo muuzaji atawaruhusu kujaribu nje juani na si chini ya taa za dukani, maana feki nyingi hupendeza chini ya taa. Wanunue rangi moja ya chungwa, poda isiyo na rangi, sifongo, na mafuta ya nazi wasinunue, wakamuombe bibi. Kisha wachanganye rangi ya kila mtu aliyemo ndani ya nyumba yao, kuanzia babu mpaka mtoto wa mwisho, wapake kipande kwenye taya, watoke nje waangalie. Ile ambayo imepotea, yaani haionekani imepakwa wapi, waandike kwenye daftari imetoka matone mangapi ya nini. Mmoja ameshajaza kurasa kadhaa. Babu yake, nasikia, ameanza kudai alipwe.