Nyundo Moja, Mitutu Miwili: Jinsi Deringa ya Kisasa Ilivyoundwa Upya

Deringa ni bastola ndogo ya mitutu mifupi, kwa kawaida miwili iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, isiyo na magazini wala silinda. Kila mtutu hubeba risasi moja. Zikiisha mbili, bastola hufunguliwa, maganda hutolewa na risasi nyingine hutiwa kwa mkono. Jina lake limetoka kwa Henry Deringer, fundi wa Philadelphia, ambaye bastola zake za mtutu mmoja zilijazwa baruti kupitia mdomoni na kulipuliwa kwa fataki. Ni bastola ya fundi huyo ambayo John Wilkes Booth aliitumia kumuua Rais Abraham Lincoln, aliyepigwa tarehe 14 Aprili 1865. Waliomuiga Deringer walieneza tahajia yenye r mbili, na jina la mtu likageuka kuwa jina la aina nzima ya silaha.

Umbo linalojulikana leo, hata hivyo, ni kazi ya William H. Elliot. Hataza yake ilitolewa Desemba 1865, na kampuni ya Remington ikaitengeneza bastola hiyo tangu mwaka 1866 hadi 1935, kwa idadi inayokaribia 150,000. Elliot alikabiliwa na swali moja: nyundo moja itapigaje mitutu miwili? Jibu lake lilikuwa kuiweka pini ya kupigia ndani ya nyundo yenyewe, ikipanda na kushuka kwa gurudumu dogo la meno. Kila nyundo ilipovutwa nyuma, meno yalisogea hatua moja na pini ikahama, mara hii juu, mara ijayo chini. Mpigaji hakuwa na cha kuchagua, kwani kitendo kilekile cha kukoki ndicho kilichobadilisha zamu.

Mitutu iliunganishwa na fremu kwa bawaba iliyo juu, nyuma kabisa. Wenzo mdogo ubavuni uliifunga, na ulipozungushwa mitutu iliinuka na kuacha vyumba vya risasi wazi. Bastola nzima ilikuwa na uzito wa gramu 312 hivi na mitutu ya inchi 3, yaani milimita 76. Risasi yake, ya kipenyo cha .41 na yenye fataki ukingoni mwa ganda, ilirusha kichwa cha gramu 8.4 kwa mwendo wa mita 130 hivi kwa sekunde. Mwendo huo ni mdogo kwa silaha yoyote ya moto, na ndio uliofanya chuma chembamba cha Elliot kitoshe.

Kasoro zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa bawaba. Masikio yake mawili yalikuwa membamba na yametobolewa ili skrubu ipite, na bastola nyingi za zamani zina ufa mahali hapo hasa. Ya pili ilikuwa nyundo, ambayo ikiwa imelala, pini iligusa ukingo wa risasi, hivyo pigo la kuangushwa sakafuni liliweza kuilipua. Ya tatu ilikuwa kifyatulio kifupi, kisicho na kikingio, kilichodai nguvu nyingi za kidole.

Kutengeneza deringa ya kisasa maana yake ni kuziondoa kasoro hizo huku bastola ikipewa risasi zenye nguvu ambazo Elliot hakuzipangia. Mwaka 1962 kampuni ya High Standard ilitoa deringa ya .22 iliyoificha nyundo ndani kabisa, na mvuto mmoja mrefu wa kifyatulio ukawa unakoki na kupiga kwa pamoja. American Derringer, iliyoanza Waco, Texas, mwaka 1980, ilirudi kwenye umbo la Elliot, lakini kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Bond Arms, iliyoanza mwaka 1995 na yenye kiwanda Granbury, Texas, imefanya marekebisho yanayofaa kuchunguzwa moja baada ya jingine.

Kwanza ni bawaba na komeo. Risasi inapolipuka, gesi husukuma kitako cha ganda dhidi ya ukuta wa nyuma wa fremu. Fremu hurudi nyuma, na kinachoivuta mitutu iende pamoja nayo ni bawaba na komeo peke yake. Kwa vipimo vya viwanda vya Marekani, shinikizo la juu linaloruhusiwa kwa risasi ya .45 Colt ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 14,000, na kwa .357 Magnum ni psi 35,000. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hivi. Kwa sababu hiyo masikio ya bawaba yalinenepeshwa, skrubu ikawa nene, na wenzo wa zamani wa kuzungushwa ukaacha nafasi kwa komeo lenye springi linalojikaza lenyewe mitutu inapofungwa. Skrubu hiyohiyo ya bawaba ikifunguliwa, mitutu yote miwili hutoka na mingine ya kipenyo tofauti huwekwa kwenye fremu ileile.

Pili ni usalama. Pini za kupigia zilitolewa kwenye nyundo zikawekwa ndani ya fremu, kila moja na springi yake ya kuirudisha. Nyundo huzipiga kwa zamu, kisha hujirudisha nyuma kidogo isiziguse. Kitufe kinachopita fremu kwa upana huizuia nyundo isifike kwenye pini. Kikingio cha kifyatulio nacho kiliongezwa.

Tatu ni uzito, na hapa hesabu fupi inaeleza mengi. Tuseme kichwa cha .45 Colt cha gramu 16 kinatoka kwa mwendo wa mita 200 kwa sekunde. Bila kuhesabu baruti, bastola ya gramu 312 ingerudi nyuma kwa mita 10 hivi kwa sekunde. Bastola ya gramu 624, uzito wa baadhi ya deringa za leo, hurudi kwa mita 5 tu, na nishati inayofika kiganjani hupungua kwa nusu. Uzito unaolalamikiwa mfukoni ndio unaouokoa mkono.

Deringa nyingi za leo hukubali risasi za aina mbili katika mtutu mmoja: .45 Colt, na .410 ya marisau. Katika mtutu wa inchi 3.5 uliotobolewa chemba, yaani chumba cha risasi, ya inchi 3, kinachobaki kwa michirizi ya kuzungusha risasi ni nusu inchi tu. Kichwa cha .45 huruka sehemu kubwa ya chemba kabla ya kukamatwa na michirizi hiyo. Marisau nayo huzungushwa na hutawanyika upesi, kwa hiyo faida yake huishia umbali wa hatua chache, kama wa mtu na nyoka aliye njiani. Michirizi hiyo ina sababu ya kisheria pia. Sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934 huiweka bastola ya mtutu laini inayopiga marisau katika kundi linalohitaji usajili wa pekee wa serikali kuu, ilhali yenye michirizi huuzwa kama bastola ya kawaida. Mnunuzi wa dukani lazima awe ametimiza miaka 21 na achunguzwe rekodi zake, na ruhusa ya kuibeba imefichwa hutofautiana kati ya jimbo na jimbo.

Kupiga deringa kunahitaji mazoea mapya hata kwa aliyezoea bastola nyingine. Kifyatulio ni kifupi, kwa hiyo wenzo wake ni mdogo, na njia yake huinama chini. Anayekivuta moja kwa moja kuelekea kiganjani huona kigumu na mdomo wa mtutu ukishuka. Kikibanwa nyuma na chini kwa pamoja, huachia kwa urahisi zaidi. Kishikio hukamatwa juu kadiri inavyowezekana, kidole cha mwisho kikikunjwa chini yake kikikosa nafasi. Mkono wa pili husaidia ukiwa nyuma, mbali na mdomo wa mitutu, kwa kuwa ni rahisi ncha ya kidole kuutangulia mtutu mfupi hivi. Nyundo hukokiwa pale tu bastola inapoelekezwa kwenye shabaha. Mazoezi ya kwanza hufanywa kwa mita 3 hadi 5 na risasi nyepesi, macho na masikio yakiwa yamekingwa.

Kwa mmiliki, ukaguzi huanza kwa kuifungua bastola na kuhakikisha vyumba vyote viwili ni vitupu. Mitutu ikishafungwa, hutikiswa kwa vidole, na mchezo wowote kwenye bawaba au komeo ni sababu ya kuipeleka kwa fundi. Masikio ya bawaba husafishwa na kutazamwa kwenye mwanga mkali, na skrubu yake hukaguliwa kila baada ya mazoezi, maana teke la bastola inaporudi nyuma huilegeza. Ukuta wa nyuma hufutwa masizi ili maganda yakae sawa. Maandishi ya mtutuni husomwa kabla ya kununua risasi. Remington ya zamani haipewi risasi za nguvu za leo, kwani chuma chake kilipimwa kwa mita 130 kwa sekunde.